Kata Kumi

Nilianza kujifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na moja, mwaka 1996, katika chumba cha nyuma cha kanisa letu pale Nkoma, mjini Mbale. Tulikuwa wanafunzi tisa, na wengi wetu tulikuwa na wajukuu. Mwalimu wetu, Brendah, alikuwa na umri wa binti yangu wa mwisho. Kila jioni tulianza kwa sala, kisha chaki.

Jioni moja alitufundisha herufi kubwa. Alisema jina la mtu na jina la mji huanza kwa herufi kubwa. Akaandika neno moja ubaoni mara mbili: kumi, halafu Kumi.

"La kwanza ni hesabu," akasema. "La pili ni mji, ule ulio njiani kwenda Soroti. Mzee Barasa, umeona tofauti?"

Niliiona. Ile K kubwa, yenye mguu uliotupwa mbele kama mtu anayepiga mpira, nilikuwa nimewahi kuishika mkononi mwangu.

Kwa miaka kumi na tisa nilifanya kazi ya shanti katika stesheni ya Mbale, yaani kukata mabehewa na kuyaunganisha. Reli ndiyo iliyonifundisha Kiswahili. Mpaka leo nikikisema sokoni watu hudhani nilikuwa askari, maana kwetu ni lugha ya jeshi. Nilipoandikwa kazi, reli ilikuwa bado moja kutoka Mombasa hadi Pakwach. Waingereza walikuwa wamekwisha kuondoka, lakini desturi zao zilibaki. Kando ya maua kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa. Tiketi ilikuwa kikadi kigumu, na ikitobolewa ilitoa mlio ambao watoto waliupenda. Saa ya ukutani ilitiwa ufunguo kila Jumatatu na stesheni masta mwenyewe. Badala ya kengele tulikuwa na kipande cha chuma cha reli, na kilipogongwa akina mama wauza ndizi walisimama wote kwa pamoja. Hata katika miaka ile mibaya, mji mzima ukiwa hauna sabuni, stesheni masta wetu alivaa shati jeupe. Sijui alilifua kwa kitu gani.

Basi, alasiri moja mwaka 1983, treni ya mizigo ilifika kutoka Jinja ikielekea Soroti. Gadi wake, yaani msimamizi wa treni, alikuwa Taban, Mnubi wa Jinja, mtu wa mizaha. Karani akanipa karatasi ya amri. Sikujua kusoma, na hakuna aliyelijua hilo, kwa sababu nilipoomba kazi nilisema nimefika darasa la nne. Njia yangu ilikuwa kumfanya karani aitamke amri kwa mdomo wake.

"Nikate nini, bwana?"

"Si imeandikwa? Kata Kumi!" akasema, akafunga dirisha.

Nilirudi kwenye treni. Taban alikuwa amekaa mlangoni mwa behewa lake, mguu mmoja unaning'inia. Sheria ya reli ilisema gadi asome amri kwa macho yake. Lakini yeye aliuliza tu, "Karatasi yasemaje, Barasa?"

"Kata kumi."

"Kata basi, tuondoke."

Nikakata mabehewa kumi. Karani alikuwa na maana nyingine: niyakate yale mabehewa mawili tu ya kwenda Kumi, kwa sababu yadi ya huko ilikuwa imejaa. Mengine manane yalikuwa na mbegu za karanga za wakulima wa Soroti. Yalikaa Mbale siku tisa, mvua ikanyesha, mbegu zikaota ndani ya magunia.

Wakubwa walikuja kuuliza. Walituweka mbele ya meza, mimi na Taban. "Nani alisoma karatasi hii?"

Nilikuwa na watoto watano. Nikasema, "Nilimpa gadi, afande. Alisoma mwenyewe, akaniambia nikate kumi."

Taban akanitazama. Kisha akasema taratibu, "Ni kweli, afande. Nilisoma vibaya."

Wakamnyang'anya filimbi na bendera, wakampeleka stesheni ya Jinja kuwa mpagazi. Mimi nilibaki na kazi yangu.

Nilipookoka na kuitwa mulokole, mwaka 1989, nilitubu pombe, matusi, hata kuku niliyemwiba nikiwa mtoto. Hilo la Taban sikulitaja. Nilijiambia kwamba maneno yale yalifanana, kwamba mtu yeyote angekosea. Sasa mwalimu alikuwa ameandika ubaoni, na hata mtoto angeona kwamba hayafanani.

Wiki ile ile nikasikia kwamba reli inapunguza watu tena. Wengine walisema baadaye itapewa matajiri. Wafanyakazi wa zamani waliokaa katika nyumba za reli kule Jinja walitakiwa kuhama, na Taban alikuwa anahamia Arua siku ya Jumamosi. Arua ni mbali, na mimi si kijana. Nilijua akiondoka sitamwona tena. Nikaanza kuamka alfajiri kupiga magoti.

Siku ya tatu mke wangu Eseza akasema, "Baba Jimmy, Mungu amekwisha kusikia. Sasa nenda ukaseme na mwenyewe, maana kitanda kinatikisika silali."

Ijumaa nikaenda. Treni ya abiria haikuwa ikija Mbale tena, kwa hiyo nilipanda taksi. Jinja niliteremka, na badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani kwa Taban, nikapitia stesheni. Nikiri kwamba nilikuwa nachelewesha.

Nyasi zilikuwa zimeota kati ya reli. Benchi la mbao lilikuwepo, lakini limebaki na mbao mbili. Kibao cha jina kilikuwa bado kimesimama, na kwa mara ya kwanza maishani nikakisoma: JINJA. Nilikipita mara nyingi nikijua ni Jinja kwa sababu ya harufu ya mto. Nikakaa, nikasema, "Bwana Yesu, Taban asiponisamehe, nipe nguvu ya kupokea hivyo." Nikainuka.

Nyumba za reli ziko upande wa Nalufenya. Nilikuta lori limesimama, tayari kupakiwa kwa safari ya kesho, na vyombo viko nje. Mzee mwenye kofia nyeupe, mgongo umepinda, alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Akanikodolea macho.

"Ni nani huyo? Sura naijua. Barasa! Zahara, toka uone! Barasa wa Mbale, na amekuwa mulokole, tazama tai hiyo!"

Mkewe akatoka akicheka, akanipa mkono. "Karibu, shemeji. Umetukuta hatuna hata kiti."

"Taban," nikasema, "sikuja kukaa. Nimekuja kusema neno, na nikikaa sitalisema."

Nikalisema lote, nimesimama, kofia mkononi. Kwamba sikujua kusoma. Kwamba sikumpa karatasi. Kwamba nilidanganya mbele ya wakubwa, naye akapoteza filimbi yake kwa ajili yangu.

Taban akaiachia kamba. "Hukujua kusoma?"

"Hata herufi moja."

"Na macho yangu? Hukujua habari ya macho yangu?"

"Macho gani?"

Akaketi juu ya godoro, akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Barasa, taa ya ishara niliiona maili mbili. Lakini karatasi iliyo mkononi ilikuwa ukungu mtupu! Mwaka mzima nilikuwa najificha. Daktari wa reli angejua, angenitoa kazini kabisa, hata upagazi nisingepewa. Siku ile mbele ya meza niliogopa kitu kimoja tu: wanipe karatasi waniambie, soma. Wewe ukainuka ukasema nimeisoma. Nikasema moyoni, Alhamdulillah, Barasa amejua siri yangu, amenifunika."

"Miaka kumi na tatu," akasema Zahara. "Kila Idi anasema, mpelekeeni Barasa nyama. Nani angeipeleka Mbale?"

Nilitaka kucheka nao. Njia ya kutokea ilikuwa wazi, ningeweza kuondoka kama mtu mwema. Nikaona hiyo ingekuwa mara ya pili kumdanganya.

"Sikukufunika, Taban," nikasema. "Nilijifunika mimi. Kama ungekuwa na macho mazima, ningesema maneno yale yale."

Hapo kicheko kikamwisha. Akaitazama mikono yake. Dereva wa lori akapiga honi.

"Kubeba magunia miaka kumi na tatu si mchezo," akasema Taban mwishoni. "Mgongo huu unauona. Kuna siku nililia pale kwenye bohari."

"Najua."

"Hujui. Lakini umekuja." Akavuta pumzi ndefu. "Ungenidanganya tena leo, nisingejua, na ningekwenda Arua nikikusifu. Haya. Nimekusamehe, Barasa. Wallahi, nimekusamehe, na shemeji yako ni shahidi. Wewe nisamehe pia, maana sheria ilisema gadi asome, nami nilikuuliza wewe."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sasa usisimame hapo kama stesheni masta," akasema. "Vua tai. Shika kabati upande ule."

Nikalishika. Lilikuwa la mninga, zito kama behewa, nasi wazee wawili. Taban alikuwa mbele yangu akitoa amri, "Kushoto! Polepole! Simama!" kama zamani, na watoto wa majirani wakatuzunguka wakicheka. Mimi nilikwenda kinyumenyume hadi kwenye lori, nikimshukuru Mungu bila kufumba macho, maana kulikuwa na ngazi.