Mkanda wa Turubai

Mtoto tumboni hakuwa amecheza tangu asubuhi, nami sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mume wangu alikuwa amekwama mpakani na lori lake, karantini, na kila akipiga simu hana la kuuliza ila kama nimenawa mikono. Mama mkwe naye ukimtajia tumbo tu, anakukokota zahanati. Na zahanati ndiyo niliyokuwa naiogopa kuliko kitu chochote. Mke wa fundi viatu, jirani yetu wa mlango wa pili, alikwenda kujifungua kwa miguu yake mwenyewe. Alirudi mtoto peke yake.

Mimi ni fundi cherehani. Redioni walisema barakoa iwe na matabaka matatu ya kitambaa. Nikajiuliza, kama pua tu inataka matatu, tumbo lenye mtu ndani linataka mangapi? Nikakata pamba nzito, nikatia sponji katikati, juu nikamalizia na turubai, nikajishonea mkanda wa kunizunguka kutoka chini ya matiti hadi nyongani. Najua ugonjwa hauingilii kitovuni. Usinicheke, ungekuwa na hofu yangu ungeshona hata soksi za turubai.

Mama mkwe alinikuta nimekaa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, cherehani haiendi.

"Mbona umeduwaa, mwanangu?"

"Napumzika, mama."

"Unapumzika na machozi?"

Nikashindwa. Nikamwambia mtoto hachezi. Hakupiga kelele, na hapo ndipo damu iliponisimama, maana mama huyu hupiga kelele hata chumvi ikizidi. Alitoa barakoa mbili msumarini, moja akanivika mwenyewe.

"Mama, huko watu wanakufa."

"Nimesikia. Vaa viatu."

Mlinzi wa zahanati alimzuia mama mkwe getini, nikaingia peke yangu. Verandani wajawazito walikuwa wamekaa mbalimbali, kila mtu na kiti chake, hakuna anayemtazama mwenzake. Mmoja akakohoa. Tulimwangalia kama mwizi, masikini, na mimi nikiwa wa kwanza.

Mkunga alikuwa amejifunika gubigubi: gauni la plastiki, glavu, barakoa, miwani mikubwa.

"Panda kitandani. Fungua hilo dude. Ni nini?"

"Mkanda. Kinga."

"Nani kakushonea?"

"Mimi mwenyewe, ni fundi."

Akachukua kile kibomba chao cha mbao cha kusikilizia mapigo, akakiweka tumboni pangu, akainamisha sikio. Akanyamaza. Akakihamisha. Akanyamaza tena. Nilitafuta uso wake nisome habari, sikuuona. Miwani yote ilikuwa ukungu. Nilikuwa na hakika kwamba mwanangu amekufa, na kwamba huyu mama anatafuta namna ya kuniambia.

Ndipo likaja teke, chini ya mbavu, kibomba kikacheza.

"Umemsikia mwenyewe," mkunga akasema. "Moyo wake uko sawa. Umejifunga godoro, dada, ungemsikiaje? Lakini umefanya vizuri kuja. Siku nyingine ukiona kimya, njoo mara moja."

Nililia bila aibu. Nikajiinua kushuka kitandani, na jicho la fundi halipumziki hata likiwa na machozi: nikaona pindo la gauni lake. Nyuma liligusa visigino, mbele lilikuwa limepanda karibu na magoti. Nimewashonea wajawazito wengi, najua ni kitu gani kinachokula kitambaa namna hiyo.

"Una miezi mingapi?" nikamuuliza.

Aliangalia mlango kwanza. "Saba."

"Na bado unafanya kazi huku?"

"Mwenzangu ameugua. Nikiondoka mimi, hawa wa nje watapokelewa na nani?"

Alikwenda mlangoni. Nikadhani anamwita mwingine. Akaufunga, akarudi, akavua ile miwani, na macho yake yalikuwa mekundu, ya msichana mdogo kuliko nilivyodhani. Akapanda kitandani nilipotoka mimi. Akafungua gauni.

"Wangu hajacheza tangu jana," akasema. "Na kwa kibomba hiki mtu hawezi kujisikiliza mwenyewe."

Akanipa kibomba.

"Mimi sijui, dada. Mimi nashona nguo."

"Utasikia mpigo wa haraka kuliko wangu. Tafadhali."

Nikakiweka alipoonyesha kwa kidole, nikainama, nikaziba sikio la pili. Nikasikia plastiki ikikwaruza. Nikasikia pumzi zake. Nikasikia moyo unakwenda mbio, nikafurahi, kisha nikatambua kwamba ni wangu.

"Umesikia?" akauliza.

"Usiseme kitu," nikamwambia, nikakihamisha kidogo kushoto. "Ngoja."