Malembe Atafutiwa Pa Kulala

Bidoni ya kwanza ya maji Malembe aliimaliza kabla Chimène hajanyoosha mgongo. Ya pili aliipiga kwato, maji yote yakamwagika, na foleni ya bombani ilikuwa imeshafika barabarani.

"Basi kunywa matope," Chimène alimwambia, huku akicheka. Leo hakuna ambaye angeweza kumkasirisha. Yeye, mpiga picha wa harusi mwenye kamera moja, tangu juzi alikuwa na farasi, huyu Malembe. Farasi mzima! Mzungu mfanyabiashara wa mbao alikuwa amerudi kwao moja kwa moja, akamwachia mnyama huyo baba yake Chimène, Papa Timothée, aliyemtunza kwa miaka minane. Mzee magoti yamekwisha, akamkabidhi binti. Na bibi harusi wa Jumamosi alikuwa ameshatoa nusu ya malipo ili apigwe picha juu ya tandiko.

Tatizo lilikuwa moja tu, pa kumlaza. Kiwanja cha mzungu kilikuwa kimenunuliwa, na mwenye nacho mpya alikuwa amesema waziwazi: ikifika saa kumi na mbili jioni ya leo farasi bado yumo, anaitwa mchinjaji. Nyumbani kwa Chimène palikuwa na chumba kimoja na kibaraza ambacho hata mbuzi angekaa upandeupande.

Akashika kamba, akatoka naye. Wauza mkate waliacha mkate wao, wanafunzi wakaacha shule. Chimène alitembea kifua mbele kana kwamba mji wote umemwalika.

Kwa masista wa pembezoni mwa mji kulikuwa na banda la ng'ombe, safi, lenye saruji. Sista alimpapasa Malembe shingoni, akamwita mzuri, halafu akataja bei: dola sitini kwa mwezi, pumba za mchele mbali, maana pumba nazo zimepanda. Chimène alikohoa. Chumba walicholala yeye na baba yake kilikuwa dola ishirini na tano, nacho kilikuwa kinawatoa jasho.

Akajaribu kwa Mama Kahambu, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, ambaye nyuma ya depo yake palikuwa na uwanja na paa. Mama Kahambu alimzunguka farasi mara mbili kama mtu anayekagua gunia la maharage.

"Dola makumi ine," alisema. "Na garantie ya miezi tatu, unaweka mbele."

"Garantie, mama? Lakini haiko nyumba, iko farasi!"

"Mutoto yangu, mupangaji iko mupangaji. Akivunja mulango, nitashika nani?"

Chimène akacheka tena, akavuta kamba wakaondoka. Saa tisa ilikuwa imepita. Farasi alikuwa na njaa, na yeye pia.

Aliyemwokoa alikuwa Noël, kijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli. "Ya Chimène, dada yangu! Umupeleke kwa Papa Djuma. Sisi wote tunalaza ma-vélo yetu kule."

Kwa Papa Djuma palikuwa ni ua wenye mabati, mbwa mmoja, na baiskeli zilizopangwa mstari. Waendeshaji wanaokaa mbali waliziacha hapo usiku na kwenda kwao kwa miguu. Papa Djuma hakushangaa hata kidogo. Aliinama akaitazama miguu ya Malembe.

"Hapa toleka moja inalipa franc mia tano kwa usiku moja," alisema. "Toleka iko na pneu mbili. Huyu iko na miguu ine."

"Donc, papa?"

"Donc, iko ma-toleka mbili. Elfu moja."

Chimène alimkumbatia mzee wa watu mbele ya kila mtu. Mwezi mzima ungemgharimu kama nusu ya kodi ya chumba! Papa Djuma aliandika daftarini: vélo mbili, Chimène. Wana wa toleka wakasogeza baiskeli zao, mmoja akaleta fungu la majani kutoka upande wa Simi-Simi.

Ndipo akaingia Hubert, mtoza ushuru, na begi lake kwapani.

"Nyama kubwa ya kufuga ndani ya muji, iko marufuku," alisema.

"Kama kuna taxe yake, nitalipa, chef," Chimène alisema.

Hubert akafungua orodha. Kidole kikashuka: mbuzi, nguruwe, ng'ombe. Farasi hakuwemo. "Bon. Kama haiko mu liste, hailipe. Na kama hailipe, inatoka. Sasa hivi."

Chimène aliangalia jua. Wapi tena, saa kumi na moja hii?

"Chef," Papa Djuma alisema polepole, akimwonyesha daftari, "mu parcelle yangu munaingia ma-vélo tu. Angalia. Vélo mbili."

Uso wa Hubert ukachangamka. Baiskeli zilikuwemo kwenye orodha, tena ukurasa mzima. Akaandika risiti ya ushuru wa baiskeli mbili, akaongeza faini kwa kuwa hazina breki, akaongeza nyingine kwa kuwa hazina kengele. Chimène alifungua fundo la kitenge. Humo mlikuwa na pesa za sindano ya ugonjwa wa mbung'o. Baba alikuwa amemwonya kwamba bila sindano, farasi hamalizi mwaka katika nchi hii ya misitu. Alizihesabu, zikaisha zote. Iliuma, iliuma sana, lakini Malembe alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye majani.

Hubert alifunga begi, akarekebisha kola. "Alors, dada, unipandishe kidogo. Foto moja tu, ya bure. Nitume kwa bibi yangu, mama ya batoto yangu."

Chimène akainua risiti, akaisoma kwa sauti ili ua wote usikie. "Vélo mbili. Hazina frein. Hazina kengele." Akamrudishia macho. "Chef, mie sioni farasi hapa. Tafuta pédale, upande."

Ua ulilipuka kwa kicheko, Noël akaangukia baiskeli yake. Hubert hakucheka. Alisema atarudi Jumatatu na orodha mpya yenye farasi.