Fomu Namba Kumi na Saba

Tuseme ukweli, mtaa mzima hakukuwa na mtu mwenye huruma kama Jemedari. Jina hilo alipewa na wenzake wa kanisani, kwa sababu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyewapanga watu: huyu ashike ngazi, yule achanganye saruji, na wewe mwenye tai umekuja arusini? Vua! Kazi yake ya kila siku ilikuwa ufundi wa mapaa. Miaka kumi na mmoja aliongoza kikundi cha kujitolea kwenda kwa wajane, kwa wagonjwa na kwa wazee wasio na mbele wala nyuma, kuwatengenezea nyumba bure. Watu walimlilia begani. Jioni alirudi kwake hoi, ananuka jasho na rangi, mkewe akamtengea maji ya kuoga, kisha akaenda kusogeza sufuria, maana paa lao lilikuwa limepata tundu jingine.

"Baba watoto," mkewe alikuwa akimuuliza, "na hapa kwetu je?"

"Wiki ijayo, mama watoto. Wiki ijayo bila kukosa."

Hiyo wiki ijayo ilikuwa na umri wa miaka minne. Watoto wenyewe, mabinti wawili, walikwisha kuolewa na kwenda zao, na wiki ijayo bado iko njiani.

Mkewe alikuwa mshonaji. Mvua ikianza, kwanza aliokoa cherehani, pili vitambaa vya wateja, halafu ndipo akajikumbuka yeye. Alijua kila tundu na chombo chake: beseni la bluu mlangoni, sufuria kubwa katikati, bakuli karibu na kabati. Hakuwa mtu wa makelele. Laiti angekuwa! Angepayuka siku moja tu majirani wakatoka nje, huenda leo nisingekuwa na cha kusimulia. Yeye alikwenda kuchukua fomu.

Utaratibu wa kikundi ulikuwa huu. Mwenye shida anajaza fomu na kumpa katibu, mwalimu mstaafu, mama asiyetoa siri hata umbembeleze vipi. Katibu anainakili upya bila jina, anaipa namba, ili mtu asiaibike kikaoni. Jemedari anapanga nani atangulie. Jina na mahali mnaambiwa siku ya kwenda. Kazi ikiisha, fundi anamwaga ndoo tatu za maji juu ya paa huku mwenye nyumba amesimama ndani. Asipolowa, anatia sahihi, anampa mkono kila mmoja, mnasali, mnapanda gari, naye anabaki mlangoni akiwapungia. Yote hayo aliyabuni Jemedari mwenyewe, na alijivunia kweli.

Basi wakakaa kikao katika chumba cha nyuma cha kanisa. Zamu ya chai ilikuwa ya mkewe.

"Namba kumi na saba," katibu akasoma, akakohoa. "Mwanamke. Paa linavuja mpaka kitandani. Ana mume, mzima wa afya. Mume..." akakohoa tena, "mume ni fundi."

Jemedari akapiga meza kofi. "Fundi wa nini? Wa kufungua chupa?"

Watu wakavunjika mbavu. Naye akiona watu wanacheka hajui kunyamaza.

"Mwanamume mzima, mikono miwili, mkewe ananyeshewa kitandani! Iweke mwisho kabisa hiyo. Na huyo mama namshangaa. Ningekuwa mimi, ningekwisha kuondoka zamani."

Mkewe alikuwa nyuma yake na birika. Akamjazia kikombe, akatia sukari vijiko vitatu kama anavyopenda, akakoroga, akaenda kwa mwingine. Katibu aliinamia makaratasi yake. Jemedari akainywa chai yote.

Jumamosi iliyofuata, ya mwisho wa mwezi, alikwenda na kikundi kumwezekea mzee mmoja kipofu. Aliporudi, pale mahali pa cherehani palikuwa patupu, zimebaki alama nne za miguu yake sakafuni. Akapiga simu.

"Niko kwa mdogo wangu," mkewe akasema. "Chakula kiko jikoni, kipashe."

"Unarudi lini?"

"Pumzika, baba watoto. Umechoka."

Akadhani ni mambo ya dada na mdogo wake. Jumapili baada ya ibada alijilaza, mvua ikaanza. Kitanda kilikuwa chote chake, akajitupa upande wa mkewe. Tone likamwangukia kwenye paji la uso. Akageuka, la pili likamwingia sikioni. Akanyanyua shuka kutazama godoro limelowa kiasi gani, akakuta nailoni. Ilikuwa imetandikwa kwa ustadi, imekunjwa pembeni na kubanwa kwa pini za kushonea, upande wa mkewe tu. Miaka yote alikuwa akiisikia ikichakarika mke anapojigeuza, wala hakuwahi kuuliza ni nini.

Hapo ndipo kumi na saba ilipomrudia. Alitoka na kandambili, akakimbia katika mvua ile mpaka kwa katibu, akasimama mlangoni akitiririka maji.

"Nionyeshe ile yenyewe. Si nakala."

Katibu hakuuliza ipi. Jemedari akauona mwandiko wa mkewe, ule wa kuandikia vipimo vya wateja. Chini kabisa, palipoandikwa "maelezo mengine", alikuwa ameandika: *Nimemwomba mume wangu, lakini wenye shida ni wengi na yeye ni mtu wa huruma sana. Mkija, tafadhali msimfokee.*

Jemedari akakaa pale pale kizingitini akalia, na katibu akamwacha alie.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwa shemeji yake. Mkewe alikuwa anashona sare ya shule, hakusimamisha gurudumu mpaka alipofika mwisho wa mshono.

"Nitalitengeneza leo hii," Jemedari akasema. "Peke yangu. Jioni unarudi kwako. Nisamehe, mama watoto."

"Nimekusamehe."

"Basi twende."

"Hasira niliimaliza mwaka wa kwanza," mkewe akasema. "Miaka mingine nilikuwa nangoja tu. Hata ile fomu nilijaza nikijua ukisomewa utashtuka, utasema jamani, hii ni nyumba yangu. Wamesoma nyumba yako mbele yako, baba watoto. Kitanda chako. Ukachekesha watu." Akakata uzi kwa meno. "Paa silidai kwako tena. Nimeliomba kanisani. Zamu yake ikifika, nitakuja kutia sahihi."

Jemedari akaipandisha kumi na saba juu ya foleni, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliofuata katibu akataja nyumba mbele ya wote. Watu walewale waliovunjika mbavu walipanda gari wakitazama viatu vyao. Hakuna aliyemfokea. Afadhali wangemfokea.

Aling'oa mabati yaliyooza, akabadilisha mbao mbili, akapigilia mapya, akaziba kila penye msumari. Aliona tundu lililokuwa juu ya mto wa mkewe: kidole kimoja kingeliziba. Kazi nzima ilichukua saa sita.

Mkewe alifika saa tisa, amevaa gauni lake la kanisani. Akaingia ndani, akasimama mahali pa kitanda. Jemedari akamwaga ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa wengine, hapo ndipo vigelegele vilipotoka. Yeye alisubiri juu ya ngazi, ndoo tupu mkononi.

"Halivuji," mkewe akasema kutoka ndani.

Akatoka macho yamemjaa machozi. Akatia sahihi. Akaanza kuwapa mkono mmoja mmoja: ahsante mwanangu, ahsante dada, na wewe mwenye tai leo umefanya kazi kweli. Wakacheka kidogo. Jemedari alikuwa wa mwisho, ameshuka, kofia mkononi. Mkewe akamnyooshea mkono kama alivyowanyooshea wengine.

"Ahsante sana, fundi. Mungu akulipe."

Miaka ishirini na sita ya ndoa alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Jemedari akaushika ule mkono wenye sugu za mkasi. Mkewe akauacha ushikwe kitambo, kisha akautoa taratibu.

Wakasali. Gari likawashwa. Njia ya kanisani ilipita kwa mdogo wa mkewe, kwa hiyo mkewe akapanda na kikundi, akakaa kati ya ngazi na ndoo tupu. Jemedari akabaki mlangoni. Gari lilipoanza kwenda aliinua mkono akapunga, maana mwenye nyumba ndivyo afanyavyo.