Mdoli Aliyepona

Daktari alisema wazi, tena mbele yangu: moyo wa mume wangu umechoka, na asipojua kupumzika hatutakuwa naye muda mrefu. "Kaa na mjukuu wako, mzee. Cheza." Mume wangu akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia lugha ya kigeni.

Yeye ni fundi redio. Tulipofika nyumbani nilizifungia bisibisi zake kabatini, ufunguo nikauficha kifuani. Nikamwambia hata Mungu alipomaliza kazi alipumzika.

"Yeye alimaliza, mama watoto," akanijibu. Jeuri hiyo nimeishi nayo tangu ujana.

Kesho yake mjukuu wetu alitandika mkeka sebuleni, akafungua hospitali. Mgonjwa alikuwa mdoli wake aliyeng'oka mguu, na babu akapewa kazi ya uuguzi. Nikaenda zangu jikoni roho imetulia. Niliwasikia wakinong'ona, nikashukuru.

Niliporudi, mtoto alikuwa analia kwa kwikwi. Babu yake kapata waya na gundi sijui wapi, kaurudisha mguu, tena kwa ustadi wake wote. Hata goti lilikuwa linakunjika.

"Sasa huyu analia nini?" akaniuliza. Kweli hakujua.

"Amepona," mtoto akasema. "Sina mgonjwa tena."

Nilitaka kumfokea mzee, lakini uso wake ulinimaliza nguvu. Alisimama katikati ya sebule, mikono inaning'inia, hana pa kuipeleka. Kisha akajilaza taratibu kwenye mkeka.

"Basi nitibu mimi, daktari."

Mtoto akafuta kamasi, akamwekea sikio kifuani. "Unaumwa wapi, babu?"

"Hata sijui."

"Basi fumba macho. Usifanye chochote."

Akafumba. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, naogopa hata kupumua, naomba kimoyomoyo: Mungu wangu, leo tu, alale hivyo hivyo.

Ndipo nikauona mkono wake wa kulia. Ulikuwa umefika ukingoni, pale mkeka ulipofumuka, na vidole vilikuwa vinasuka. Macho yamefumbwa, uso umetulia kabisa, vidole vinasuka.

Mtoto naye aliviona. Akavishika kwa mikono yake miwili, akavikandamiza. Vikatulia. Alipoviachia, vikaanza tena.

Akaniangalia.

"Bibi," akasema, "vinakataa."