Sauti ya Fundi Makochi

Kabla ya kiharusi, Fundi Makochi alikuwa na mdomo usiojua likizo. Watu walimletea viti visivyo na ubovu wowote, ilimradi wakae kwenye benchi lake wamsikilize akigonga misumari na kupiga soga. Mkewe, Mama Pindo, alikuwa akishona nguo katika chumba cha pili, na mara nyingi alimpigia kelele kupitia ukutani: "Baba, hebu tupumzishe!"

Sasa alikuwa amepumzishwa, mwaka wa tatu huu. Mkono wa Fundi ulirudi, mguu nao ukarudi kwa kujikokota, ila sauti haikurudi. Mama Pindo angetoa cherehani na meza yake asikie tena soga moja tu, hata ile ya mbuzi aliyekula suruali ya mchungaji, ambayo alikuwa ameichoka tangu uchumba.

Kilichomkata maini ni kwamba Mungu alimsikia kwa ajili ya wengine. Jirani yao, msusi, alikuja vidole vimekakamaa, hata kitana hakishikiki. Mama Pindo alivishika, akaomba maneno machache, maana kulikuwa na mteja anayesubiri gauni. Wiki ile ile msusi alirudi akipiga makofi mlangoni.

"Mama, tazama! Nasuka tena!"

Mama Pindo alishangilia naye, na kwa moyo kweli. Msusi alipoondoka, akaenda uani kujifuta machozi kwa kipande cha bitana.

Aliporudi ndani alimkuta mumewe amemkazia macho. Alikuwa amesikia yote. Akajigonga kifuani kwa kidole, kama anayeuliza: na mimi je?

Mama Pindo alishindwa kumtazama. Mwanzoni alimwombea asubuhi na jioni, kisha kidogo kidogo akaacha. Si kwamba hakuamini. Aliogopa kunyimwa tena.

"Nisamehe, baba watoto," alisema. "Wengine nawaombea kama mtoto anayemwomba mamake maji. Wewe nakuombea kama mtu anayejua atafukuzwa mlangoni."

Fundi akauchukua mkono wa mkewe, akauweka kooni pake.

"Ee Bwana, wewe uliyewafungua bubu ndimi..." Mama Pindo alianza, sauti ikamkatika. Akaanza upya, bila mapambo. "Namtamani. Yupo hapa, nampikia, namfulia, na bado namtamani. Nirudishie sauti yake." Akalia, na bila kujijua akaukaza mkono, akazidi kuukaza.

"Una... nikaba."

Fundi mwenyewe aliduwaa, kama aliyesikia mgeni akibisha hodi kooni mwake. Mama Pindo akaangua kicheko na kilio kwa pamoja, hadi msusi akaja mbio akidhani kuna msiba.

Siku hiyo Fundi hakuongeza neno, wala kesho yake. Daktari aliposimuliwa alitabasamu. "Mambo kama haya hutokea, mama."

"Ndiyo, daktari. Hutokea Mungu akitaka."

Baadaye yalikuja maneno mawili matatu: "maji", "njoo", mengine hayakueleweka. Zipo siku ambazo hayakuja kabisa.

Ungedhani Mama Pindo angeridhika. Wapi! Neno moja lilimzidishia njaa. Ila woga ulimtoka, na sasa kila asubuhi, kabla ya kuanza kushona, anaomba apewe yote yaliyobaki, tena anaomba kwa sauti, mumewe akisikia.

Jana alimwona akichezesha midomo, akitafuta neno. Akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akasubiri.