Mara Tatu, Kisha Funga

1.

WAZO LA WAKALA. Jumatatu, saa 2:10 asubuhi.
Wagonjwa kumi na wanne wanaopelekewa insulini nyumbani hawajibu simu ya kuthibitisha. Wafuatiliwe.
Swali: je, kuna sababu ya kutojibu?

2.

Kazi ya Zuwena Mhina pale kituo cha afya ni hii: mashine inawaza, yeye analikata wazo vipandevipande mpaka litekelezeke. Wakala wa akili mnemba ni hodari wa kuwaza. Lakini "wafuatiliwe" si kazi. Wafuatiliwe na nani? Mpaka lini? Tutajuaje kama imekwisha? Wazo lisilo na majibu hayo ni porojo za kikao, na Zuwena hapendi porojo.

3.

KAZI ZILIZOIDHINISHWA
a) Piga namba iliyosajiliwa.
b) Rudia kesho na keshokutwa. Jumla mara tatu.
c) Asipojibu, funga faili. Sitisha dawa.
Ishara ya kumaliza: faili limefungwa.
Mwandishi: Z. Mhina.

4.

Na lile swali?

Alilifuta.

Swali halitekelezeki.

5.

(Kwenye korido.)
"Kumi na wanne umewamaliza kwa dakika ngapi?"
"Sita, bosi."
"Mwanamke wa shoka!"

6.

Wewe msomaji, usimnyooshee kidole mapema. Nawe umeshampigia mtu mara tatu ukajiona umetimiza wajibu.

Kwa nini tatu? Kwa sababu Zuwena alifundwa. Kabla hajaolewa, somo yake alimkalisha mkekani siku saba, akamwambia: "Hodi ni tatu, mwanangu. Usipoitikiwa, geuka urudi. Kung'ang'ania mlango wa watu ni utovu wa adabu."

Adabu ile Zuwena akaipa mashine. Na mashine, tofauti na mwari, haisahau hata neno.

7.

Kiango, dereva wa bodaboda anayesambaza dawa, aliingia ofisini na kofia mkononi.

"Dada Zuwena, yule bibi wa eda mbona simwoni kwenye orodha? Jumanne ya pili leo simpelekei dawa."

"Namba ngapi?"

"Namba mie sijui. Bi Mwanahawa. Si somo yako?"

8.

FAILI 0417
Jina: Mwanahawa Salimu. Umri: 67.
Simu: ya mume.
Jaribio la kwanza: haipatikani.
La pili: haipatikani.
La tatu: haipatikani.
Hali: LIMEFUNGWA.

9.

Mume alikufa miezi miwili iliyopita. Zuwena alikuwapo. Alikosha sahani za msiba, alikula wali, alimwona binti wa marehemu akiizima ile simu, akaikunjia ndani ya kanzu ya baba yake na kuiweka kashani. Yote aliyaona kwa macho yake haya haya, kisha akarudi kazini akaidhinisha namba hiyo hiyo ipigwe.

Arobaini ilipopita, binti alirudi Korogwe. Bi Mwanahawa akabaki peke yake, yumo edani, hatoki. Kwenda hospitali angeruhusiwa, kila mtu anajua. Lakini aende kufanya nini, na dawa inakuja Jumanne?

Haikuja.

Zuwena alijichukia.

10.

WAZO LA WAKALA. Jumanne, saa 5:32 asubuhi.
Mgonjwa 0417 hana dawa kwa siku saba. Mtu aende sasa.
Swali: faili lilifungwa kwa sababu gani?

11.

KAZI (rasimu)
a) Chukua dawa na barafu.
b) Panda pikipiki ya Kiango.
c) Piga hodi.
d) Asipojibu,

12.

"Kiango! Washa!"

13.

Mlango umerudishwa tu, haukukomewa. Kizingitini majani makavu ya mwarobaini, hayajafagiwa. Bi Mwanahawa, ambaye alfajiri haikumkuta bila ufagio mkononi.

"Hodi."



"Hodi, somo."



"Hodi!"



Kiango alitazama chini. Jirani alichungulia dirishani, akasubiri waondoke kama watu wenye adabu.

Zuwena akausukuma mlango kwa bega, chupa ya barafu kifuani, na huku akiingia gizani akapiga ya nne.