Namba Moja ya Swichibodi

Rahabu, opereta wa simu, alikuwa amewaambia kwa Kiswahili, akawaambia kwa Kishambaa, na laiti angejua Kijerumani angewaambia kwa Kijerumani pia: tundu ni tundu. Swichibodi mpya ilikuwa na matundu thelathini, safu tatu za kumi kumi, na simu iliyofungwa kwenye tundu la thelathini ililia sawasawa na iliyofungwa kwenye la kwanza. Hakuna aliyemsikia. Tangu Jumatatu kamati ya simu ya mji ilikuwa inakaa, inakunywa chai na kuahirisha, na hoja ilikuwa ni hiyo hiyo: nani awe namba moja.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne, watu wanahamia vijiji vya ujamaa, na kila kikao kilifunguliwa kwa hotuba ya usawa. Kamati nayo ilianza na usawa, kisha ikaingia kwenye namba. Mwenyekiti, Ndugu Silvano, mkuu wa idara moja pale Lushoto, aliona namba moja ni yake bila mjadala. Ndugu Sheshe, katibu wa ushirika wa mboga, alisema bila kabichi za wakulima wake hiyo idara ingesimamia nini. Basi wakashikana hapo siku nne, watu wazima na miwani yao.

Fundi Nikodemo, kijana aliyetumwa kutoka Tanga, alikuwa amekata nyaya zote za swichibodi ya zamani Jumatatu asubuhi, akitumaini kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Alichohitaji ni orodha tu, imesainiwa na mwenyekiti, inayosema simu ya nani inaingia tundu gani. Bila orodha hagusi waya. Mji mzima ukawa bubu, na fundi akakaa kwenye sanduku lake la vifaa akila mapeasi.

Maofisa kukosa simu hakukumnyima Rahabu usingizi. Miguu wanayo, watembeleane. Miaka kumi na moja ya uopereta ilikuwa imemfundisha kwamba nusu ya simu zao zilikuwa za kuulizana kama barua imefika. Kilichomchoma moyo ni kijiji cha Malindi, milimani. Huko juu binti yake Esta alikuwa na mimba ya kwanza, miezi imetimia, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Marta, muuguzi wa zahanati, alimwambia Rahabu Jumapili baada ya ibada: huyu asizalie hapa, uchungu ukianza tu nitapiga simu hospitali walete Land Rover. Sasa angepiga simu gani?

Alhamisi asubuhi Rahabu aligonga mlango wa kikao, akaingia kabla ya kukaribishwa.

"Shikamooni. Ndugu mwenyekiti, zahanati ya Malindi mmeiweka wapi?"

"Mama Esta, tulia," alisema Silvano, kwa upole wa mtu aliyekwisha kunywa chai. "Bado tuko namba moja. Za vijijini tutaziingiza baada ya ofisi zote. Pengine Jumamosi."

"Binti yangu yuko huko, na wakati wowote anajifungua. Na hospitali nayo haina simu."

"Hospitali iko kwenye ajenda. Lakini mambo ya nyumbani tusiyachanganye na ya umma, mama."

Rahabu alitoka. Alitamani kurudi na kuipindua ile meza, birika na vikombe vyake. Badala yake alikwenda moja kwa moja hadi kwa Nikodemo.

"Mgosi, shika bisibisi. Malindi na hospitali. Sasa hivi."

"Mama, nikirudi Tanga bila saini..."

"Nitakusainia mimi. Na kama huungi, nionyeshe skrubu niunge mwenyewe, niunguze mtambo wote, ukaeleze hilo huko Tanga."

Nikodemo aliitazama sura ya mama huyo, akaweka peasi chini. "Tundu lipi na lipi?"

Rahabu aliyaangalia yale matundu thelathini matupu. Akajibu, kijana akachomoa nyaya, akazimenya, akazikaza. Hata kabla hajafuta mikono, kibati kilichofunika tundu la Malindi kilidondoka, ta!, kama vidondokavyo vyote simu ikiita. Kule juu kulikuwa na mtu anazungusha mpini wa simu. Rahabu alichomeka waya wake.

"Mama Esta, uchungu umeanza tangu alfajiri, na sasa anasema haoni vizuri. Nipe hospitali!"

Marta hakusalimia. Binti yule mlokole, aliyelelewa na bibi yake, asiyeweza kuomba hata kiberiti kabla ya shikamoo na habari za kuku, hakusalimia. Alichomeka waya wa pili kwenye tundu la hospitali, akazungusha mpini kwa nguvu zote, na walipoitika akawaacha wasemezane, yeye ameziba mdomo kwa kiganja. Muda si mrefu aliisikia Land Rover ikipanda kuelekea Magamba, njia ya Malindi.

Hakuweza kuondoka. Opereta alikuwa yeye peke yake. Alikaa mbele ya vibati viwili kutwa nzima, akivichukia na kuviomba.

Saa kumi kasoro aliingia Silvano na orodha yake, muhuri bado mbichi. Aliinama kwenye swichibodi, akasoma vikaratasi ambavyo Rahabu alikuwa amebandika.

"Namba moja, Zahanati Malindi. Namba mbili, Hospitali." Alivua miwani. "Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Wewe si ndiye unayesema tundu ni tundu? Matundu yalikuwa wazi yote. Mbona hukuwapa ishirini na tisa na thelathini?"

Rahabu angeweza kudanganya, lakini alikuwa amechoka. "Ningeweza, ndugu mwenyekiti. Nilikasirika. Siku nne mmenifundisha kwamba mwenye maana ndiye namba moja. Nikamweka mwenye maana."

Silvano alifungua mdomo, na kibati cha pili, cha hospitali, kikadondoka. Rahabu alichomeka waya, mkono ukikosa tundu mara mbili.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya Marta, aliyekuwa amemsindikiza Esta, taratibu kabisa. "Za tangu asubuhi? Baridi hapo ofisini inasemaje? Na huyo fundi mgeni hajambo?"

Rahabu alianza kulia. Alilia na kuitikia, marahaba, nzuri, ipo, hajambo, wala hakumharakisha. Siku zote salamu za Marta zilimchosha. Leo alitamani ziendelee mpaka wafike kwenye kuku.

Alipochomoa waya, Silvano alikuwa bado amesimama.

"Amejifungua?"

"Wa kike. Wamempasua, lakini wazima wote wawili."

"Hongera, mama. Hongera sana." Aliitazama orodha yake, akatoa kalamu, akafuta hapa na pale. Kisha akachungulia mlangoni na kushusha sauti. "Basi mimi niweke namba tatu. Lakini Sheshe asijue mpaka fundi akaze skrubu."

Rahabu alimtazama mtu mzima yule. Alimpa Nikodemo bisibisi, akamwachia na vibati avichunge, akajifunga kanga kwenda hospitali.